Waipa Hupimwa kwa Kikombe cha Chai

Mliponiaga pale karakana, mkuu wenu alisimama akasema Fundi Selemani aandike kumbukumbu zake ili vijana wajifunze. Watu wakapiga makofi. Nilidhani yatapita kama yanavyopita maneno yote ya siku za kuagana, lakini wiki iliyofuata akaniletea daftari kubwa na kalamu mbili kwa bodaboda. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya waipa.

Najua mtacheka. Hakuna sehemu ya gari inayodharauliwa kama hiyo. Breki zikilia, dereva anakuja mbio. Taa zikizima, anakuja mbio. Waipa ikifa mwezi wa sita, anasema ngoja mvua. Huku kwetu tunakaa karibu nusu mwaka bila tone la maana, na muda wote huo mpira wa waipa unakaangwa na jua juu ya kioo, chumvi ya bahari inakula waya huko chini, na hakuna anayegusa swichi. Siku mvua inapoanza, uwanja wa karakana pale Lindi unajaa madereva wanaogombana, kila mmoja ya kwake ndiyo ya haraka. Nimeyaona hayo miaka thelathini na kitu na sikuwahi kumbadilisha hata dereva mmoja.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Fundi Mkumba, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kuulizwa swali mara mbili. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye boneti.

"Ufundi umejifunza wapi?"

"Chuoni, mzee."

"Huko chuoni kulikuwa na mvua?"

Akaniambia nikae kwenye tairi nitazame.

Dereva wa kwanza aliyekuja siku hiyo alisema waipa yake imekufa. Fundi Mkumba akamuuliza, "Imekufaje?" Dereva akarudia: imekufa. Mzee akaweka spana chini. "Maiti hazifanani, bwana. Ukiwasha, unasikia mota ikilia au husikii?" Dereva hakujua. Hakuwa amesikiliza. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza, na nawaachieni ninyi: neno "imekufa" halina maana yoyote mpaka umuulize mwenye gari alisikia nini.

Kama kumekuwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha relei, kisha swichi, halafu fuata waya mpaka kwenye mota. Kama mota inalia na mikono ya waipa imelala, achana na umeme, tafuta chini ya kioo, kwenye vyuma vinavyoiunganisha mota na mikono. Mkono mmoja ukienda na wa pili ukigoma, kaza nati yake kwanza kabla hujajifanya profesa. Na ikiwa inafuta lakini inaacha michirizi, badilisha mpira, usimdanganye mtu kwamba anahitaji mota mpya. Nawajua wanaofanya hivyo. Mmoja wao anasoma hapa.

Testa yangu ya kwanza alinitengenezea Fundi Mkumba. Ilikuwa balbu ya indiketa, waya mbili, na spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha. Ukichoma spoki kwenye waya, balbu ikiwaka, umeme umefika. Lakini mzee alinionya nisiiamini sana, maana balbu ni ndogo na hula umeme kidogo. Waya uliobaki nyuzi mbili tatu utaiwasha balbu vizuri tu, halafu ukiuwekea mota, unakufa. Liliwahi kuja gari kutoka Kilwa Masoko ambalo mafundi watatu walikuwa wamelibadilishia mota. Testa iliwaka kila mahali. Nilihangaika nalo siku mbili, nikataka kulia. Fundi Mkumba akaja, akaangalia bolti ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye bodi, akatoa kisu cha mfukoni, akakwangua. Kumbe dereva alilipaka gari rangi ili limpokee mkubwa fulani aliyekuwa anakuja ziarani, akapaka na pale ethi inapokamata. Waipa ikaamka. Yule mkubwa, nasikia, hakufika.

Na kuna hili la chai. Ng'ambo ya barabara, mbele ya lango letu, Bi Zuhura alikuwa na kibanda cha chai na vitumbua. Fundi Mkumba hakukubali kutoa gari lililoletwa kwa ajili ya waipa mpaka afanye kitu kimoja: analowesha kioo kwa jagi la maji, anawasha waipa mwendo wa kasi, anamwachia mtu jagi aendelee kumwagia, yeye anavuka barabara na kuagiza chai. Chai ya Bi Zuhura ilikuwa ya moto, hunywi kwa pupa. Akimaliza kikombe anarudi. Waipa ikiwa bado inakwenda, gari linatoka. Ikiwa imesimama au inagonga, gari linalala.

"Kufuta mara tano hata mkono wa mtu unafuta," alikuwa akisema. "Mvua ya Rutamba haikomi baada ya mara tano."

Sababu yake ni ya kweli kabisa. Mota mbovu huchoka ikipata moto. Na vile vyuma vya chini vimeshikana kwa vichwa vya duara, kama gololi, kila kimoja kimekaa ndani ya bushi ya plastiki. Bushi ikiisha, tundu linapanuka. Ukiwasha kwa muda mfupi, gololi inakaa mahali pake na unaona kila kitu kizima. Ikienda na kurudi mara mia mbili, inachomoka. Mota inaendelea kulia, na mikono inalala. Saa hatukuwa tunatazama. Kipimo kilikuwa kikombe cha chai, na Fundi Mkumba alipostaafu nikabaki nacho, na madereva wote wakakijua. Walikuwa wakifika wanasema, "Fundi, kanywe chai basi tuondoke."

Aliyekijua kuliko wote alikuwa Damiani.

Damiani alikuwa dereva wa gari la chanjo, lile linalopeleka wauguzi vijijini na masanduku yao ya barafu. Mmakonde, Mkristo, mrefu, anayecheka kwa tumbo. Mimi ni Mmwera wa Rutamba. Tulianza kuitana mtani tangu mwaka wake wa kwanza, na hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye adabu tena. Akinikuta nimelala chini ya gari anauliza kama nimekufa ili arithi testa. Mimi namwambia hana haja ya testa, ajifunze kwanza kusoma geji. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuona dereva kama yeye. Miaka yote ile hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, na alijua hivyo, na alitembea kama mtu anayejua hivyo.

Mwaka mmoja Ramadhani iliangukia katikati ya mvua. Asubuhi moja Damiani akaja, nyuma yake kuna magari mengine matatu yanangoja.

"Mtani, waipa."

"Imekufaje?"

Yeye alikuwa dereva wa kujibu swali hilo. "Haijafa. Jana ilikuwa inachelewa kurudi, halafu inagonga, tok. Nikaizima, nikaiwasha, ikaenda."

Someni hapo tena. Mtu aliniambia kila kitu. Kuchelewa kurudi na kugonga tok ni bushi, hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua ni bushi. Ilitakiwa nifungue mikono, nitoe plastiki ya chini ya kioo, nitie mkono nizitikise zile gololi moja moja. Ni kazi ya nusu saa. Jua lilikuwa limetoka kati ya mvua na mvua, koo limekauka, na wale madereva watatu wanapiga honi. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikachoma testa, ikawaka. Nikamwaga maji kwenye kioo, nikawasha. Ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, laini kabisa.

Damiani akatazama ng'ambo ya barabara. Kibanda cha Bi Zuhura kilikuwa kimefungwa, mabenchi yamepinduliwa.

"Na chai?" akauliza.

"Chai gani na mfungo huu?"

"Basi mimi siyo wa dini yako. Ninayo kwenye chupa, mke wangu kaniwekea. Wewe washa, mimi nitainywa kwa niaba yako. Nikimaliza nakwambia."

Nikacheka. Wale wa nyuma wakacheka. Nikamwambia, "Wewe unataka kunitamanisha tu. Ondoa gari lako, Mmakonde wewe, kuna watu wenye kazi." Nikachukua fomu ya ukaguzi, pale penye waipa nikatia tiki, nikasaini. Akaondoka anacheka.

Mvua iliwakamata alasiri, wanarudi kutoka Rutamba. Alikuwa na muuguzi mmoja, Sista Tumaini. Waipa ilikwenda kwa muda, kisha mikono ikalala na mota ikaendelea kulia. Damiani alitoa kichwa dirishani ili aone njia, akipunguza mwendo, na hapo gari likateleza kwenye tope jekundu, likashuka pembeni ya kalvati na kugonga mkorosho. Yeye alichanika kipaji cha uso. Sista Tumaini alivunjika paja, na mpaka leo anatembea kwa kuchechemea. Sista huyo hakukumbuka chochote ila maji kwenye kioo.

Gari likavutwa hadi karakana na mimi nikapewa kazi ya kulikagua. Nilifanya peke yangu. Boneti lilikuwa limekunjamana, lakini upande wa vyuma vya waipa haukuguswa sana. Gololi ilikuwa nje ya bushi. Nikaitoa bushi nikaiweka kiganjani. Ajali ingeipasua. Hii haikupasuka. Tundu lake lilikuwa limepanuka na kuwa refu kama yai, kingo zimekuwa laini, na unga mweupe wa plastiki iliyosagika umegandamana na grisi. Huo ni uchakavu wa miezi. Nilijua pale pale, nikaketi sakafuni.

Kisha nikainuka nikaandika: "Imechomoka kutokana na ajali."

Nimejaribu kutafuta namna ya kuliandika hili ili nionekane nafuu, sijaipata. Niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu, na saini yangu ilikuwa kwenye ile fomu. Bushi nikaitia mfukoni, na jioni nikaitupa chooni.

Tuliitwa mbele ya kamati, watu watatu nyuma ya meza. Damiani alikuwa na bandeji kichwani. Alisema mara tatu, kwa sauti ile ile, kwamba alikuwa anaendesha polepole na waipa ikafa. Mwenyekiti akanigeukia.

"Fundi, wewe ndiye uliyelikagua gari asubuhi ile?"

"Ndiyo."

"Waipa zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima."

"Ulizipima kama inavyotakiwa?"

Damiani alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira bado, alikuwa ananingoja tu, kama unavyomngoja rafiki avae viatu mtoke.

"Nilizipima," nikasema.

Wakaandika uzembe wa dereva, mwendo mkali kwenye mvua. Akanyang'anywa gari, na baada ya muda akapewa barua ya kuachishwa kazi. Alihamia Nyangamara, kwa kina mke wake, kulima ufuta na korosho. Watu walipomuuliza imekuwaje, aliwaambia waipa ilikufa. Aliwaambia msikitini wakati wa ndoa za watu, kanisani, kwenye mnada wa korosho, mpaka wakachoka naye. Wakamwita Waipa. Mzee Waipa huyo anapita. Mwanamume ambaye hakuwahi kukwaruza kioo cha pembeni akapewa jina hilo, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba ana jina lingine.

Nilikwenda kumtembelea mara moja tu. Nilijidanganya kwamba nimekwenda kutafuta mbegu za ufuta. Alinipokea vizuri, akanitania kwamba tumbo langu limestaafu kabla yangu. Mke wake, Mama Stela, akatuletea chai. Tukakaa tunapuliza vikombe. Nilikuwa nimeyabeba maneno yote tangu Lindi, nimeyapanga, na kila nilipofungua mdomo yalitoka mengine, habari za mvua, habari za bei.

Damiani akanywa mpaka chini, akaweka kikombe.

"Mtani," akasema, "siku ile ungeniachia, ningeinywa."

Alijua, basi. Sijui alijua tangu lini, labda tangu pale mbele ya kamati. Ilikuwa nafasi yangu, na ilikuwa wazi kama mlango. Nikasema, "Chai ya shemeji ni nzuri sana." Akaniangalia kidogo, akaitikia kwamba ni nzuri kweli. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani na kunishikia mfuko wa mbegu.

Nilijiambia nikishastaafu nitakwenda ofisini niseme ukweli, wafute lile neno la uzembe kwenye jalada lake, na yeye asome barua hiyo mbele ya watu wa Nyangamara. Nilistaafu. Nikajiambia ngoja nipumzike wiki mbili. Kisha ngoja niezeke jiko. Yaani nilifanya kama madereva niliowatukana maisha yangu yote, wale wa ngoja mvua. Siku niliyopigiwa simu nilikuwa juu ya ngazi na nyundo. Alikuwa Stela, binti yake mkubwa. "Baba mdogo, baba ametutoka usiku. Mama anasema lazima uje, wewe ndiye mtani wake."

Mnajua mtani anafanya nini msibani, lakini huenda kuna aliyekulia mjini asijue. Watu wakilia, mtani anachekesha. Anaruhusiwa kumsema marehemu, kulala njiani, kuzuia jeneza, kudai vitu vya ajabu, na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu kila asemalo ni utani. Nilifika Nyangamara wakati jeneza liko tayari uani. Watu waliponiona wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Katekista mwenyewe alisogea pembeni, akafunga kitabu chake, kunipa nafasi.

Nikasimama mbele ya jeneza nikanyoosha mikono.

"Halipiti!"

Wakacheka. "Anataka nini Mmwera huyu?" akauliza mzee mmoja.

"Mnamwita nani huyu mtu?"

"Waipa!" wakajibu wengi.

"Basi sikilizeni. Waipa ilikufa kweli. Ilikuwa mbovu tangu asubuhi, na yeye aliniambia ni mbovu. Mimi ndiye niliyetia tiki. Mimi ndiye niliyekwenda mbele ya kamati nikasema uongo, na bushi nikaitupa chooni. Hakuendesha vibaya. Hajawahi kuendesha vibaya hata siku moja."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. "Chooni!" akarudia mmoja, anajifuta macho. "Mfungeni huyo!" Kijana mmoja akaleta kamba ya mbuzi wakanifunga mikono, mwanamke mwingine akanimwagia unga kichwani. Nikapiga kelele kwamba nasema kweli, wallahi nasema kweli, na nakula yamini mbele ya maiti. Wakazidi kucheka. Nikaanza kulia. "Tazameni mtani anavyojua kulia," wakasema, "huyu angepelekwa kwenye maigizo."

Mama Stela alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nikamtazama yeye. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, mkono kifuani. Akanyoosha mkono mwingine kunielekea.

"Ahsante, mtani," akasema. "Tangu jana usiku nilikuwa siwezi hata kuvuta pumzi. Ahsante, umenichekesha. Sasa mwachie mwenzio apite."

Nikasogea pembeni, mikono ikiwa bado imefungwa, na wakapita na jeneza.